Olorgesailie kwa jicho la muuza nyama

Nianze na hukumu, maana najua wengi husoma mistari ya juu kisha wanaenda zao: nendeni Olorgesailie, makumbusho ya Enzi ya Mawe kwenye barabara ya Magadi. Nendeni asubuhi mapema, bebeni maji mengi, na kama una mtoto anayetaka kuona simba, mpeleke mbuga ya wanyama badala yake. Hapa hakuna simba wa kupigwa picha. Kuna mawe, kuna mifupa iliyogeuka mawe, na kuna mtu wa kukueleza vitu hivyo viwili vilikutana vipi. Nimetoa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano imechukuliwa na jua, na jua halina meneja wa kupelekewa malalamiko.

Mimi nauza nyama Ongata Rongai. Bucha ilikuwa ya marehemu baba, na kabla sijafikia urefu wa kaunta nilikuwa nashika miguu ya mbuzi wakati yeye anachuna. Sisemi hivi kwa kujisifu, ila msomaji ajue macho yanayoandika haya ni ya nani. Waliotangulia kwenda waliniambia, "Ni mawe tu, mzee, utajuta mafuta ya gari." Mwalimu wa historia akifika pale anaona Enzi ya Mawe. Mtalii anaona chimbuko la binadamu. Mimi niliona kichinjio, na kichinjio nakijua.

Njia ni rahisi. Unatoka Rongai, unapita Kiserian, unafika Corner Baridi, na pale ardhi inakatika ghafla mbele yako. Bonde la Ufa lote liko chini, rangi ya vumbi, na mbali unauona mlima Olorgesailie wenyewe. Unateremka kupitia Olepolos na Oltepesi kwa barabara ile ile inayokwenda Magadi, na kadiri unavyoteremka ndivyo sweta zinavyovuliwa. Kutoka katikati ya Nairobi ni kama kilomita 70. Gari nilikodi kwa bwana mmoja wa mtaani kwetu aliyeniapia kwamba lina kila kitu. Tulipofika Oltepesi tukagundua tairi la akiba halina upepo hata kidogo. Jina lake nalihifadhi. Salio lake bado tunalizungumza.

Langoni tulipokelewa na kijana mwenye kofia pana, akatuamkia, akaniuliza kama tuna haraka. Nikamwambia biashara yangu imefungwa leo, aeleze hadi achoke yeye. Alifurahi. Nadhani wageni wengi humharakisha.

Alianza na historia ya wachimbaji, akaipitia haraka kwa sababu aliona binti yangu, aliye kidato cha pili, anapiga miayo. Mwanajiolojia J. W. Gregory alipita hapa mwaka 1919 na kuona mawe yaliyochongwa. Wanaakiolojia Louis na Mary Leakey wakaja mwaka 1942 na kukuta mashoka ya mkono (mawe yaliyochongwa makali, yasiyo na mpini) yametapakaa kwa mamia juu ya ardhi iliyomomonyoka. Vita Kuu ya Pili ilikuwa inaendelea, kwa hiyo sehemu ya kazi ya kuchimba ilifanywa na wafungwa wa kivita Waitaliano. Mwaka 1947 mahali hapa pakafunguliwa kwa wageni. Mwanaakiolojia Glynn Isaac alichimba miaka ya 60, na tangu 1985 kikosi cha mtafiti Rick Potts kutoka taasisi ya Smithsonian ya Marekani kimekuwa kikifanya kazi hapa pamoja na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Hapo miayo ikaisha, maana tulikuwa tumetoka nje na tumeanza kutembea.

Huo udongo mweupe unaouona kila upande si chokaa. Ni mabaki ya viumbe vidogo vya majini, visivyoonekana kwa macho, vilivyokufa na kurundikana chini ya ziwa lililokuwa hapa. Ziwa lilijaa, likakauka, likajaa tena, volkano zikamwaga majivu juu yake, na kila tabaka likafunika kilichoachwa kabla yake. Majivu hayo ndiyo yanayowapa wanasayansi tarehe. Matabaka ya zamani zaidi yana miaka karibu milioni 1.2, na yale ya juu katika kundi hilo yanafika karibu miaka 500,000 iliyopita. Binti yangu alijaribu kuhesabu ni vizazi vingapi, akaacha.

Sehemu inayowavutia wote ni njia iliyoinuliwa juu ya ardhi, unatembea huku ukitazama chini. Mashoka ya mkono yamelala pale pale yalipofukuliwa. Si kumi wala ishirini. Ni mengi kiasi kwamba mtu unaanza kujiuliza kuna haja gani ya kutengeneza zana nyingi hivyo na kuziacha. Mwongozaji alisema wataalamu nao wamejiuliza: labda maji ya kijito yaliyakusanya, labda watu walirudi mahali hapo hapo kwa karne nyingi, kila mmoja akiacha lake. Mimi nina jibu la kichinjio. Chombo kizito hukibebi ukiwa umebeba nyama. Unaacha chombo, unabeba nyama, kwa sababu jiwe la kutengenezea kingine liko mlimani pale na nyama haiko.

Yapo mashoka makubwa mno, ya kushikwa kwa mikono miwili, na mengine yanaingia vizuri kiganjani. Umbo karibu ni lile lile: ncha upande mmoja, mgongo mpana upande wa pili, makali pande zote mbili. Jiwe lenyewe ni la volkano, na mengi yalitoka kwenye miteremko ya mlima huo huo ulio karibu. Nilimuuliza kijana ni sehemu gani hasa ya shoka iliyokuwa inakata. Akacheka, akasema hilo ni swali la fundi.

Akatutoa nje ya eneo la makumbusho. Akaokota mawe mawili ya kawaida ya kando ya njia (ya kale hairuhusiwi kuyagusa, wala kuchukua hata kipande, na naunga mkono), akakaa chini, akagonga moja kwa jingine. Mara ya kwanza halikutoka kitu. Mara ya pili kikaruka kibanzi chembamba cha urefu wa kidole, akanipa. Ukingo wake ulikuwa mkali kama chupa ya bia iliyovunjika. Sasa, sisi tulikuwa tumebeba mguu wa nyuma wa mbuzi kwenye kisanduku cha barafu, wa kuchoma jioni, maana tulikuwa tunalala hapo kwenye banda. Nikamwambia binti auchukue.

Nitaeleza nilichokiona, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike. Kwenye mnofu, kibanzi kinapita bila kusukumwa. Kisu changu cha dukani kikiwa kimenolewa vizuri hakikishindi kwa mengi. Kwenye kano, pale juu ya kifundo, kisu cha chuma kinateleza kidogo kabla ya kuingia. Jiwe halitelezi, ukingo wake una meno madogo usiyoyaona, unashika na kukata. Tatizo ni kushika. Mafuta yakishapaka vidole, kibanzi kinageuka mkononi na kukutafuta wewe. Na makali yanakwisha upesi. Ungehitaji vibanzi vingi kwa mnyama mmoja, unatupa, unagonga kingine. Hapo ndipo nilipoelewa shoka la mkono. Lina uzito, lina mahali pa kushika, na likipungua makali unaligonga tena ukingoni, unapata makali mapya na vibanzi vya ziada kwa wakati mmoja. Ni kisu, ni panga, na ni kinoo.

Kiungo cha paja tulikitenganisha bila msumeno wala shoka la chuma. Mke wangu, ambaye hapendi nyama ifanyiwe majaribio, aliuliza kama sasa tunaweza kula.

Kutoka hapo twende kwa tembo. Kuna mfupa wa mguu wa tembo aliyetoweka, anayeitwa Palaeoloxodon recki (wengine bado wanamwita kwa jina la zamani, Elephas recki), na pembeni yake umewekwa wa tembo wa leo upate kulinganisha. Wa leo unaonekana wa ndama. Madume wa recki walifikia kimo cha mita 4 begani. Kijana akatueleza kuhusu mahali pengine katika eneo hilo ambapo kikosi cha Potts kilifukua mifupa ya tembo mmoja wa aina hiyo, wa karibu miaka 990,000 iliyopita, akiwa amezungukwa na zana za mawe, na mifupa ina alama za kukatwa.

Watu husikia hivyo na mara moja wanachora picha kichwani: wanaume ishirini na mikuki, tembo anapiga kelele. Mimi naomba tusimame kidogo. Mfupa wenye alama ya kisu unaniambia kwamba mtu alikata nyama. Hauniambii nani aliua. Katika kazi yangu mtu huweza kuletewa mnyama aliyegongwa na gari, aliyeanguka shimoni, aliyekufa na ukame, na kisu hakibadilishi maandishi yake kwa sababu hiyo. Tembo ana seti sita za magego maishani. Ya mwisho ikisagika, mzee wa watu hawezi kutafuna tena, anakwenda penye majani laini karibu na maji, na hapo hapo anamalizika. Ziwa lilikuwa hapa. Si lazima umkimbize.

Lakini kumpata amekufa nako si kazi ndogo. Ngozi yake simba haipasui kirahisi, fisi hungoja ioze. Mwenye jiwe kali hangoji. Kathy Schick na Nicholas Toth, wanaakiolojia wa Marekani, walishafanya jaribio hilo kwa tembo waliokufa wenyewe, wakaona vibanzi vidogo vya kawaida vinapasua ngozi hiyo. Ukiweza kufungua mzoga kabla ya fisi, umejipatia nyama ya kijiji kizima, na mafuta, na uboho ndani ya mifupa ambayo hata fisi wa siku ya pili anaihangaikia. Wataalamu hutazama kipi kilitangulia: alama ya jiwe ikiwa juu ya alama ya jino, mnyama mwingine alikula kwanza, jino likiwa juu ya jiwe, mtu ndiye aliyekula kwanza. Hiyo niliipenda sana. Hata mimi huangalia mzoga hivyo hivyo kabla sijaulipia.

Nyani ndiye aliyenishinda. Kuna sehemu moja ya uchimbaji ambako walipatikana makumi ya nyani wakubwa wa aina iliyotoweka, Theropithecus oswaldi, ndugu wa gelada wanaoishi sasa milima ya Ethiopia tu. Huyu alikuwa mkubwa kuliko gelada na nyani wote unaowajua, dume lake likiwa na uzito wa mtu mzima. Mifupa yake imechanganyika na mawe yaliyochongwa kwa wingi. Mwaka 1981 Pat Shipman na wenzake waliandika kwamba nyani hao walichinjwa na watu, wakitazama jinsi mifupa ilivyovunjwa. Wengine wakabisha, wakasema maji yangeweza kurundika mifupa na mawe pamoja. Mabishano hayo ni ya zamani kuliko binti yangu.

Mimi nina shaka na maji. Najua mkono mmoja haubebi nyani wa kilo 60 mwenye meno yale. Lakini Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, huwinda nyani mpaka leo, na nyani hulala kundi zima mahali pamoja usiku, juu ya miti au miamba. Ukiwajua wanapolala, umeshamaliza nusu ya kazi. Kijana alisema Isaac naye alifikiria njia ya namna hiyo. Sitadai zaidi ya hapo.

Ndipo binti yangu akauliza lile swali, tukiwa tumesimama kwenye kivuli kidogo cha mgunga mmoja. Kama tembo huyu hayupo, na nyani huyu hayupo, na yule kiboko mkubwa wa macho yaliyochomoza juu ya kichwa hayupo, na pundamilia mkubwa hayupo, na nguruwe wakubwa hawapo, ni hawa watu waliwala wakawamaliza?

Kijana hakujibu haraka, na hapo nilimpa alama nyingine. Alituonyesha kwa mkono mahali ambapo matabaka yamekatika. Kati ya miaka 500,000 na 320,000 iliyopita hakuna udongo uliobaki hapa wa kusomwa, ulimomonyoka. Kabla ya pengo hilo kuna wanyama wakubwa na mashoka ya mkono, miaka laki kwa laki, bila mabadiliko makubwa. Baada ya pengo, karibu kila kitu ni kipya. Asilimia 85 ya aina za wanyama wakubwa wanyonyeshao zimebadilika. Waliochukua nafasi ni wa miili midogo zaidi, wasiohitaji majani mengi namna ile. Na zana nazo zimebadilika: mashoka mazito yametoweka, kuna mawe madogo yaliyochongwa ncha, mengine ya jiwe jeusi la volkano linalong'aa, ambalo halipatikani hapa. Lililetwa kutoka kilomita 25 hadi 50 au zaidi. Kulikuwa na rangi pia, nyekundu na nyeusi, iliyosagwa. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2018.

Ili kujua kilichotokea ndani ya pengo, mwaka 2012 wakachimba kwa mtambo katika bonde la jirani la Koora, wakatoa nguzo ya udongo ya mita 139. Inaonyesha kwamba karibu miaka 400,000 iliyopita ardhi ya hapa ilipasukapasuka, ziwa moja likagawanyika kuwa mabonde madogo, na maji yakawa ya kuja na kwenda. Mwaka mzuri, mwaka mbaya, bila mpangilio. Mnyama anayekula kilo mia mbili za majani kwa siku hawezi kuishi kwa kubahatisha.

Kwa hiyo jibu lake lilikuwa: hapa, hapana. Akaongeza kwamba mwaka huo huo wa 2018 Tyler Faith na wenzake walihesabu wanyama walao majani wenye uzito wa zaidi ya tani moja katika Afrika Mashariki, wakakuta kupungua kwao kulianza miaka milioni 4.6 iliyopita, kabla hajazaliwa yeyote wa kuchonga shoka. Nyasi zilienea, vichaka vikapungua, na waliotegemea vichaka wakaondoka mmoja mmoja. Aina 28 zimepotea ndani ya miaka milioni saba. Barani mwetu wamebaki watano wa uzito huo: tembo, kiboko, twiga, na vifaru wa aina mbili.

Ningeweza kumaliza hapo na kuwaachia sifa mababu. Lakini muuza nyama ana hesabu zake, na kijana mwenyewe aliniuliza ninaonaje.

Ninavyoona ni hivi. Watu wa Olorgesailie walikuwa wachache. Katika eneo hili lote, pamoja na maelfu ya zana, kipande cha fuvu cha mmoja wao kilipatikana mwaka 2003 tu. Hawakuwa na upinde. Walikula walichokipata, na wanyama waliwajua, wakajifunza kuwakimbia au kuwavamia, kizazi baada ya kizazi. Tembo wa leo akisikia harufu ya mtu anajua afanye nini. Watu na wanyama wa hapa walikua pamoja.

Sasa nenda mahali ambapo hawajakua pamoja. Australia kulikuwa na Diprotodon, mnyama wa mfuko kama kangaruu lakini wa tani zaidi ya mbili. Akatoweka pamoja na wakubwa wenzake ndani ya miaka elfu kadhaa baada ya watu kuingia. Kati ya Amerika Kaskazini na Kusini kulikuwa na mamothi na mastodoni (jamaa wa tembo), farasi, ngamia, na slothi wa ardhini mwenye ukubwa wa tembo. Karibu miaka 13,000 hadi 11,000 iliyopita wakaenda wote. Wapo wanaosema ni hali ya hewa, kwa kuwa barafu ilikuwa inayeyuka wakati huo huo, na wapo waliomfuata Paul Martin, Mmarekani aliyesema tangu miaka ya 60 kwamba ni mwindaji. Mimi barafu siielewi vizuri, ila najua ilikuja na kuyeyuka mara nyingi kabla ya hapo, na wanyama hao wakavumilia. Safari ya mwisho kulikuwa na mgeni.

Na kwa New Zealand hakuna barafu ya kusingizia. Wamaori walifika karibu mwaka 1300 wakakuta moa, ndege wasioruka, wengine wakubwa zaidi ya mbuni. Ndani ya miaka mia na hamsini hivi, hakuna hata mmoja. Madagaska, ambako ni jirani yetu ng'ambo ya maji, walikuwapo ndege-tembo wenye mayai makubwa kuliko ya ndege yeyote anayejulikana, na lemuri, jamaa wa mbali wa nyani, wa ukubwa wa sokwe. Miaka elfu moja hivi iliyopita wakaisha, uwindaji ukisaidiwa na moto na mifugo.

Watu hudhani ili kumaliza mnyama ni lazima uchinje sana. Mfugaji yeyote wa Kajiado atakuambia si hivyo. Tembo hubeba mimba miezi 22, kisha hukaa miaka minne au mitano kabla ya kuzaa tena. Kundi la tembo mia, mvua ikiwa nzuri na simba wakiwa wachache, haliongezeki kwa zaidi ya saba hivi kwa mwaka. Toa wanane kila mwaka. Hutaona tofauti mwaka huu, wala mwakani. Utaendelea kusema tembo wapo wengi, na mtoto wako atasema wamepungua kidogo, na mjukuu atauliza tembo ni nini. Mbuzi ungemchinja kwa kiwango hicho maisha yako yote na zizi lingejaa. Ndiyo maana waliokufa ni wakubwa na waliobaki ni wadogo. Hakuna haja ya kumtafuta mwindaji mkatili. Mwenye njaa ya kawaida anatosha.

Kijana alisikiliza, akasema hesabu hiyo iko hata kwenye vitabu vya wataalamu, ila bado hapa hailingani na ushahidi. Tukakubaliana hivyo. Mababu wa Olorgesailie siwezi kuwatia hatiani. Lakini vifaru weupe wa kaskazini, ambao wamebaki majike wawili pale hifadhi ya Ol Pejeta baada ya dume wao wa mwisho, aliyeitwa Sudan, kufa Machi 2018, hao hawakuuliwa na volkano.

Tuje kwenye mambo ya mgeni. Mabanda ni ya kawaida, ya mtu anayekuja kulala na si kujionyesha. Beba chakula chako, maji ya kunywa na ya ziada, mkaa, tochi. Usiku kuna upepo mzuri unaotoka mlimani na nyota ambazo Rongai hatuzioni tena. Mguu wa mbuzi uliokatwa kwa jiwe, kwa taarifa yenu, unaiva sawa na mwingine, ila vipande havilingani na mteja wangu wa Jumamosi angevirudisha.

Matembezi yenyewe ni ya saa mbili ukisikiliza vizuri, na karibu yote ni juani. Saa nne asubuhi tayari mawe yamepata moto. Mama mkwe, ambaye ana miguu mibaya, alitazama chumba cha maonyesho, akaona mfupa wa tembo, akakaa kivulini na redio yake na hakulalamika. Watoto chini ya miaka kumi watachoka, isipokuwa wale wa kuuliza maswali. Vaa viatu vilivyofungwa, kwa sababu ya miiba. Mwongozaji usimkatae ukidhani utaokoa pesa: bila yeye, wale walioniambia ni mawe tu watakuwa wamesema kweli. Na mpe kitu mkononi akimaliza, wa kwetu alistahili.

Kama hutaki kupika, Kiserian wakati wa kurudi kuna nyama choma kila hatua. Sitataja ninakokula, maana ni washindani wangu kwa namna fulani, lakini nitakupa dokezo la fundi: chagua mbuzi mwenyewe akiwa bado ananing'inia, tazama mafuta ya figo yawe meupe na makavu, na usikubali kuletewa nyama iliyokwisha kukatwa jikoni.

Binti yangu sasa anataka Kariandusi, karibu na Elmenteita, ambako Leakey alichimba pia na ambako baadhi ya mashoka ya mkono yametengenezwa kwa lile jiwe jeusi linalong'aa. Nataka kujua kama makali yake yanadumu kuliko ya jiwe la hapa. Nikienda nitaandika, na safari hii tairi la akiba nitalipima mwenyewe kabla ya kulipa.